Ua Ndani ya Ua: Deni, Amana na Mti wa Mwisho

Mwaka 2003 mimea miwili ya visiwani ilifikia kikomo cha safari ndefu, kila mmoja kwa namna yake. Katika nyumba ya vioo ya bustani ya Kew, jijini London, kichaka kilichotolewa Rodrigues, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, kilizaa tunda lenye mbegu kwa mara ya kwanza tangu kifikishwe huko. Mwaka huohuo, katika kisiwa cha Saint Helena, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, ulikufa mche wa mwisho wa mti uliojulikana kama mzeituni wa Saint Helena. Hakukuwa na mwingine mahali popote duniani, si porini wala bustanini. Kilichobaki ni majani makavu katika makabati ya wataalamu, picha, na jina la Kilatini, Nesiota elliptica, ambalo halina tena kilicho hai cha kuitwa nalo.

Waliohangaika na mimea hiyo miwili hawakupitana kwa bidii wala kwa mapenzi. Mmoja ulipona, mwingine ukapotea. Hata hivyo, yote mawili yanarejesha swali moja, na swali lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana kwanza: mwanadamu anawiwa nini na mmea usiomlisha, usiomvika, wala usiompa kivuli? Na kama anawiwa kitu, ni mwanadamu yupi hasa anayedaiwa? Aliyeuangamiza msitu, au aliyezaliwa baadaye akaukuta mti mmoja umesalia karibu na nyumba yao?

Kisa cha Rodrigues kinafaa kulipima swali hilo kwa sababu majibu yote ya kawaida yalijaribiwa huko, na karibu yote yalishindwa.

Rodrigues kiko takriban kilomita 560 mashariki ya kisiwa cha Morisi, nacho ni sehemu ya nchi hiyo. Eneo lake ni kilomita za mraba 108 tu. Unguja ingeweza kukimeza mara kumi na tano. Hakikuwa na wenyeji. François Leguat, Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti aliyeihama nchi yake kwa sababu ya dini, aliishi hapo na wenzake wachache kuanzia mwaka 1691 hadi 1693. Baadaye aliandika juu ya makundi makubwa ya kobe yaliyotanda ardhini, na juu ya ndege asiyeruka, jamaa ya dodo, aliyeitwa solitaire. Katika karne iliyofuata mabaharia waliwapakia kobe hao melini kwa maelfu, kwa kuwa kobe huweza kukaa siku nyingi bila chakula na nyama yake isiharibike, maana bado yu hai. Solitaire alitoweka, na kobe wakafuata. Misitu ilikatwa na kuchomwa, na kila kilichochipua upya kilikutana na mdomo wa mbuzi au wa ng'ombe.

Mwaka 1874 wanasayansi wa Uingereza walifika Rodrigues kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Pamoja nao alikuwemo mtaalamu wa mimea, Isaac Bayley Balfour, aliyeikusanya na kuiorodhesha mimea ya kisiwa. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa ikawa kinyume chake: daftari liliandikwa, likachapwa, likahifadhiwa vizuri katika maktaba za Ulaya, na mali ikaendelea kuisha. Kuandikwa hakukuwa kulindwa.

Miongoni mwa mimea iliyohesabiwa kuwa imekwisha ilikuwa café marron, kichaka cha ukoo wa mbuni chenye maua meupe kama nyota. Jina hilo lastahili kuangaliwa kabla ya kuendelea. Katika Kikrioli cha visiwa vile, neno marron lilitumika kwa mnyama au mmea wa porini unaofanana na ule wa nyumbani au wa shambani, na lilitumika vilevile kwa mtumwa aliyetoroka. Kwa Kiswahili tungesema kahawa mtoro, na neno letu lingebeba uzito uleule, kwani watoro ndivyo walivyoitwa watumwa waliokimbia mashamba ya pwani ya Kenya katika karne ya 19 na kujijengea vijiji nyuma ya Malindi na Mombasa. Lakini mti huu haukutoroka popote. Ulikuwepo kabla ya shamba, kabla ya bwana, kabla ya kahawa yenyewe kuletwa. Mwenye shamba alipofika aliufanya mmea wake kuwa kipimo, na kilichotangulia kikaitwa mtoro katika ardhi yake chenyewe.

Karibu na mwaka 1980, mwalimu mmoja wa Rodrigues aliwaonyesha wanafunzi wake michoro ya mimea ya asili ya kisiwa, akawaomba watazame kama wangeweza kuikuta. Mwanafunzi mmoja alirudi na tawi. Lilikuwa la kahawa mtoro, na lilitoka katika mti uliosimama karibu na barabara. Ulikuwa mmoja tu. Ulitafutwa mwingine kisiwani kote usipatikane.

Serikali iliujengea ua, kwa maana ya uzio. Uzio huo ukatangaza kile kilichokusudiwa kufichwa. Baadhi ya watu wa kisiwa waliamini kuwa kahawa mtoro hutibu magonjwa ya zinaa na adha za asubuhi baada ya ulevi, na mti uliozungushiwa waya bila shaka ulikuwa na nguvu kuliko mti uliosahauliwa. Matawi yalikatwa. Ukajengwa uzio mwingine nje ya ule wa kwanza, kisha mwingine tena, na bado watu walipenya. Mwaka 1986 vikonyo vichache vya mti huo vilisafirishwa kwa ndege hadi Kew, na kimoja kikashika mizizi. Kutoka kwake vilioteshwa vingine. Vilichanua karibu mwaka mzima, lakini havikuzaa. Kwa miaka kumi na saba kulikuwa na maua bila mbegu, hadi Carlos Magdalena, mtunza mimea kutoka Uhispania aliyefanya kazi katika bustani hiyo, alipofaulu, baada ya majaribio mengi ya kuhamisha chavua kwa mkono, kuupata uzao wa kwanza. Mbegu na miche ya uzao huo ilirudishwa Rodrigues.

Hicho ndicho kisa. Sasa yatazamwe majibu.

Jibu la kwanza ni la faida. Hoja hii husema mmea ulindwe kwa kuwa huenda siku moja ukatoa dawa. Ni hoja inayopendwa na waombaji wa fedha, na si ya uongo, maana dawa nyingi zimetoka mimeani. Tatizo lake ni kwamba inaweka roho ya mmea rehani kwa jambo ambalo bado halijathibitika. Siku utafiti utakapoonyesha kuwa kahawa mtoro haitibu kitu, hoja itakuwa imehukumu kwamba mti ukatwe bila majuto. Tena, watu waliovunja uzio walikuwa wafuasi waaminifu wa hoja hii. Waliamini mti una dawa, wakaifuata dawa. Anayetetea mmea kwa faida hawezi kumlaumu anayeichukua faida hiyo leo badala ya kungoja maabara ya kesho. Anachoweza kusema ni kwamba zamu ya kufaidi haijafika, au kwamba wanaostahili kufaidi ni wengine. Kwa mwanakisiwa, maneno hayo si mageni. Ameyasikia juu ya mambo mengi.

Jibu la pili ni la uadimu. Kitu kikiwa kimoja duniani, husemwa, thamani yake haina mfano. Hapa pana chembe ya ukweli, ila uadimu peke yake ni thamani ya mkusanyaji, na mkusanyaji huridhika kitu kikiwa salama kabatini. Kwa kipimo hicho kahawa mtoro ilikwisha kuokolewa mwaka 1986, kikonyo kilipotoa mizizi London. Kwa nini basi watu wakaendelea kuhangaika miaka kumi na saba kutafuta mbegu? Kwa sababu walijua kwamba kichaka kinachopandikizwa kutoka kwa nafsi yake mwenyewe, tena na tena, kinarefusha uhai wa mti mmoja tu. Hakina mtoto. Hakina anayetofautiana nacho, anayeweza kustahimili ugonjwa utakaokiua. Uadimu huo unaoshangiliwa ndio hasa maradhi ya mmea. Kuupenda mmea kwa uadimu wake ni kama kumpenda yatima kwa uyatima wake.

Jibu la tatu lina heshima zaidi, nalo ni la deni. Aliyeharibu na alipe. Misitu ya visiwa haikufa kwa ajali. Kulikuwa na meli, mashamba, mifugo na hesabu za faida. Hakika hii haitakiwi kulainishwa. Lakini ugumu hujitokeza mara tu inapoulizwa ni nani aharibuye, kwani waliowaleta mbuzi wamekwisha kufa, na wanaoishi Rodrigues leo wengi ni wazao wa watu waliopelekwa kule kama walivyopelekwa mbuzi, bila kuulizwa. Utumwa wa visiwa hivyo ulilishwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka. Mzao wa mtu aliyepakiwa melini hivyo anapoambiwa leo kwamba yeye ndiye tishio kwa mti wa mwisho, na kwamba mwokozi wake ni bustani iliyoko katika mji mkuu wa dola iliyokitawala kisiwa chake tangu 1809 hadi 1968, ana haki ya kuuliza daftari la madeni limeandikwa na nani.

Na msomaji wa Kiswahili asiketi upande wa wadai peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, mikarafuu ililetwa Zanzibar kutoka visiwa hivyohivyo vya jirani na Rodrigues. Watu walikwenda upande mmoja, miche ikaja upande mwingine. Misitu ya Unguja na Pemba ikaangushwa ili mikarafuu ipandwe, na waliopanda na kuchuma wengi walikuwa watumwa. Kaskazini magharibi ya Pemba umebaki msitu wa Ngezi, na ndani yake mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni kisiwa hicho tu. Nyumba nyingi za kiswahili, za Zanzibar na za Muscat, zilisimamishwa kwa fedha za karafuu. Ikiwa deni la miti ya visiwani lipo, basi baadhi ya wadaiwa wanaitwa kwa majina ya ukoo yanayofahamika vizuri katika barza zetu.

Hoja ya deni, kwa hiyo, inasema kweli lakini haitoshi. Inamtafuta mkosaji, na wakati inapomtafuta, mti unakauka. Isitoshe, inampa asiye na kosa ruhusa ya kupita. Kijana aliyeokota lile tawi hakuwa amekata msitu. Kama wajibu unatokana na kosa pekee, hakuwajibika kwa lolote, na angeweza kulitupa njiani bila kumdhulumu mtu. Dhamiri hailikubali hilo. Kuna jambo lililomfika alipolishika tawi, ambalo halikumfika jana yake.

Lugha yenyewe inalo neno la jambo hilo: amana. Amana ni kitu kilichomo mkononi mwa mtu ambacho si chake. Hakukifanyia kosa, hakukinunua, na huenda hakukiomba; lakini kimo mkononi mwake, na kwa sababu hiyo tu anaulizwa juu yake. Katika fikihi, na katika desturi za pwani zilizolelewa nayo, mtu akiokota mali njiani anatakiwa kuitangaza mwaka mzima na kuihifadhi akimngoja mwenyewe. Kabla ya kuinama na kuiokota alikuwa mpita njia. Akishaiokota, amekuwa mlinzi. Hana hatia ya kuipoteza, na wala hana haki ya kujifanya mwenye mali. Kati ya hatia na umiliki pana nafasi ya tatu, na nafasi hiyo ndiyo anayosimama mtu aliyeukuta mti wa mwisho.

Asiye Mwislamu, au asiye na dini, anaweza kuikubali hoja hii bila kuhama alipo. Mama akimkuta mtoto wa watu amepotea sokoni hasemi kwamba si wake na kwamba si yeye aliyempoteza. Kauli zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja inayompa ruhusa ya kuondoka. Ukaribu, pamoja na kujua, umezaa wajibu.

Hapo pingamizi moja linakuja lenyewe. Amana ina mwenyewe. Mti wa porini mwenyewe ni nani? Muumini atajibu kwamba ni Muumba, na kwake jibu limekamilika. Lakini hata bila jibu hilo, swali si gumu kama linavyodai. Mwenye amana hujulikana kwa jambo moja: ndiye anayestahili kurudishiwa. Na kahawa mtoro ina cha kurudishiwa. Mmea, hata ukiwa hauna fahamu, una mkondo wake: huchanua, huzaa, hutupa mbegu katika udongo ulioulea, na uzao wake hutofautiana nao. Kurudisha amana hapa ni kuurudisha mmea katika mkondo huo, mahali pake, mikononi mwa wale watakaozaliwa karibu nao. Ndiyo maana chavua ile ya mwaka 2003 ilikuwa na maana kuliko miaka yote ya maua yasiyozaa. Na ndiyo maana kazi haikuishia London. Mlinzi anayekataa kurudisha alichopewa hukoma kuwa mlinzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Rodrigues kina shida ya maji ya miaka mingi. Kuna watu wanaohesabu ndoo. Je, ni uadilifu kutumia fedha, ndege, nyumba za vioo na maisha ya wataalamu kwa kichaka kimoja, ilhali binadamu wana kiu? Atakayejibu kwamba mmea ni sawa na mtu amekwisha kukosea, kwa kuwa mtoto na kichaka vikiwa hatarini pamoja, hakuna anayestahili kuitwa mwema atakayesitasita. Lakini chaguo hilo katika maisha ni nadra kuja kwa sura hiyo. Fedha zilizookoa kahawa mtoro hazikuchotwa katika kisima cha mtu yeyote wa Rodrigues, na kama mti ungeachwa ufe, hakuna bomba ambalo lingetandikwa kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, ukame wa kisiwa na uchache wa miti yake si habari mbili zisizojuana: ardhi iliyovuliwa msitu haishiki maji. Mikono ileile iliyoukausha mti imemkausha na mtu.

Hata hivyo, pingamizi lina kiini ambacho hakijibiki hivyo, nacho ni swali la nani anabeba gharama. Hapa amana na deni, vikitenganishwa vizuri, vinasaidiana. Kanuni ya amana ni kwamba gharama za kuitunza hazimwangukii mlinzi. Mnyama akiwekwa amana, majani yake ni juu ya mwenye mnyama. Mlinzi anadaiwa uangalifu. Hadaiwi mfuko wake. Basi jirani wa mti wa mwisho anawiwa ulinzi, na aliyeneemeka kwa kuangamia kwa msitu anawiwa malipo. Wajibu wa kwanza unatokana na mahali mtu aliposimama. Wa pili unatokana na kile kilichomfikia mtu, yeye au nyumba yake, au dola yake. Vikichanganywa, dhuluma huzaliwa: mwenye deni hupewa sifa ya mwokozi kwa kulipa sehemu ndogo ya anachodaiwa, na mlinzi, ambaye hakupewa hata posho, huitwa mharibifu kwa kutamani tawi moja.

Hili halipunguzi stahili ya Kew. Bila kikonyo cha mwaka 1986, na bila ukaidi wa mtu aliyekataa kuamini kwamba ua haliwezi kuzaa, kahawa mtoro pengine isingekuwa na kesho. Mtu mmoja mmoja aliifanya kazi yake kwa amana, na shukrani ni yake. Lakini shukrani kwa mtu haifuti hesabu ya dola, kama vile hesabu ya dola haifuti shukrani kwa mtu.

Kutoka hapo yaonekana pia kwa nini uzio ulishindwa. Si kwamba waya zilikuwa dhaifu. Uzio uliwagawa watu makundi mawili, wanaolinda na wanaozuiwa, na wenyeji wakawekwa katika kundi la pili. Mtu hawezi kulinda amana asiyokabidhiwa. Anayefungiwa nje ya mlango huambiwa, bila maneno, kwamba kilichomo ndani ni mali ya mwingine, na kwa mali ya mwingine kuna wizi na kuna kutojali, lakini hakuna ulinzi. Kinyume chake, mwalimu yule aliyepeleka michoro darasani hakuwa na waya hata mmoja. Aliwakabidhi watoto jina la mmea na sura yake, na mmoja wao akarudi na kile ambacho wataalamu walikuwa wamekwisha kukiandikia tanzia. Kama kuna somo la siasa katika kisa hiki ni hilo: darasa liliupata mti ambao uzio ulishindwa kuulinda.

Kunabaki Saint Helena. Wasomaji wa historia ya Zanzibar wanakijua kisiwa hicho kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani kwa siku chache za Agosti 1896, ni miongoni mwa waliohamishiwa huko na Waingereza. Mbuzi walikuwa wamefika karne nne kabla yake, pamoja na Wareno, na kufikia zama zake msitu wa asili ulikuwa umebaki vilimani tu, kwa viraka. Mzeituni wa kisiwa hicho, ambao kwa kweli haukuwa wa ukoo wa zeituni, ulidhaniwa umekwisha tangu karne ya 19. Mwaka 1977 George Benjamin, mwanakisiwa aliyeijua mimea ya milima yake kuliko wageni wote, aliukuta mti mmoja juu ya genge. Watu walijaribu kila njia. Mti haukukubali kwa urahisi chavua yake wenyewe, na mwenzake hakuwepo. Vikonyo vilikataa mizizi. Ule wa porini ulikufa mwaka 1994. Miche michache iliyopatikana ililelewa kwa shida, ikaandamwa na ukungu na mchwa, hadi wa mwisho ulipoondoka mwaka 2003.

Je, walinzi hao walishindwa? Mbele ya hoja ya faida, walipoteza wakati wao wote. Mbele ya hoja ya uadimu, walikipoteza kipande cha thamani kuliko vyote. Amana peke yake inajua kutofautisha, kwani kanuni yake ya kale ni kwamba kilichopotea bila uzembe wa mlinzi, mlinzi hadaiwi. Wataalamu na wenyeji wa Saint Helena walikabidhiwa mgonjwa aliyekuwa tayari katika pumzi za mwisho, wakamkesha. Hawana cha kuulizwa. Wanaoulizwa ni wale waliokuwa na msitu mzima mikononi, vizazi vingi vya nahodha, gavana na mwenye mifugo, waliouona ukipungua mwaka hata mwaka na wasiinue mkono. Wakati ambapo ulinzi ungekuwa rahisi, amana haikuonekana kuwa amana. Ilionekana kuwa kuni. Ilipotambuliwa, ilikuwa imebaki mti mmoja juu ya genge.

Ndipo swali linapomgeukia msomaji kwa namna isiyostarehesha. Amana nzito ni ile ya mti wa mwisho, na wachache ndio watakaoibeba. Amana nyepesi ni ile ya msitu ambao bado upo, na hiyo iko mikononi mwa wengi, wakiwemo waliohamia mbali. Mpapindi bado unasimama Ngezi. Una jina la Kiswahili, na kuna wazee wanaoutofautisha na mvumo kwa kuutupia jicho mara moja. Mtoto wa Kipemba aliyezaliwa Muscat au London hawezi kuumwagilia maji, lakini anaweza kuambiwa kwamba upo na unaitwaje. Mwanafunzi wa Rodrigues hakuhitaji zaidi ya hayo.

Huko Rodrigues, katika hifadhi iliyopewa jina la Leguat, kobe wakubwa kutoka Aldabra wanatembea tena, baada ya wale wa asili ya kisiwa kuliwa wote na mabaharia. Na kahawa mtoro ina tabia moja ya ajabu. Ukiwa mchanga, mche wake huota majani membamba, marefu, ya rangi ya kahawia yenye madoa, kana kwamba yamekwisha kunyauka. Ukipita kimo fulani hubadilika, ukatoa majani mapana ya kijani kinachong'aa. Maelezo ya wataalamu ni kwamba mmea ulijifunza kumhadaa kobe: ulijifanya mkavu mpaka ulipokuwa juu kuliko shingo yake. Miche iliyozaliwa na mbegu za London, zilizotokana na mti uliokulia karne mbili bila kobe, inaanza maisha kwa majani hayohayo ya kahawia. Uadui ule wa zamani wameuhifadhi bila kuambiwa na mtu, na adui, naye, amerudishwa.